Kamera, redio na kompyuta kwa vijana wa mtaani: mradi ukifungwa, kijana anabaki na nini?

Fundi Kamera (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, asije kulalamikia bando.

Mimi ni mhariri wa video. Ugali wangu unatoka kwenye harusi na matangazo ya maduka ya Kariakoo. Pembeni nafundisha vijana kwenye kituo kimoja huku Temeke: waliotoka kulala barabarani, walioacha shule, wengine walishapita mahabusu ya watoto. Wapo ambao mtaa unawaita panya road, yaani magenge ya vijana wakabaji, na hawajawahi kushika hata kisu cha kukatia nyanya.

Miradi ninayoiona ikija na kuondoka ina sura moja. Kamera mpya, kompyuta kadhaa, mkufunzi mgeni, fulana zenye nembo, wiki mbili za mafunzo, siku ya mwisho maonyesho, vyeti na soda. Baada ya hapo vifaa vinafungiwa kabatini. Funguo anazo mratibu, na mratibu mkataba wake umeisha.

Mwezi ujao kituo kinaletewa mradi mwingine, nikaombwa niseme mapema tuombe nini. Nikaanza kufuatilia wenzetu wa Nairobi, maana kwenye hili walitutangulia mbali na miradi yao ya kwanza imeshazeeka kiasi cha kuweza kuhukumiwa. Nashusha niliyonayo, wajuzi mnisahihishe.

Naanza na Mathare, mtaa wa mabanda huko Nairobi. Kuna chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilichoanzishwa 1987 na Mkanada mmoja, Bob Munro. Kazi yake ni mpira, ila mpira wenye masharti: timu ikisafisha mitaro na kuzoa taka inapewa pointi kwenye msimamo wa ligi, na pointi za usafi ni nyingi kuliko za kushinda mechi. (Hii peke yake inastahili uzi wake, TFF mpo?) Mwaka 1997 mpigapicha Lana Wong akaanzisha ndani ya chama hicho mradi wa Shootback. Wavulana na wasichana wa miaka 12 hadi 17 wakapewa kamera za plastiki, zile za filamu, za bei ya kama dola 30, wakaambiwa wapige maisha yao. 1999 picha zikatoka kitabu, zikazungushwa kwenye maonyesho nje ya nchi.

Wengi wakisimulia wanaishia kwenye kitabu. Mimi nimeganda kwenye jambo lingine: mradi ulikaa juu ya chama ambacho tayari kilikuwa na miaka 10. Watoto walikuwa wanakuja uwanjani kwa sababu zao, kamera iwepo isiwepo. Filamu zikiisha, mazoezi yapo palepale, kocha ni yuleyule anayemjua kila mtoto na mama yake. Ndiyo maana Julius Mwelu, mmoja wa watoto wale, alipokuja kuwa mpigapicha wa habari wa kulipwa, alikuwa na pa kurudi. Alianzisha Mwelu Foundation hapohapo Mathare, ikafundisha picha na video wadogo zake. Miradi yetu mingi haina hata orodha ya wanafunzi wa mwaka juzi.

Ngoja nimalizie kazi ya mteja, nakuja na Korogocho.

Kijiwe Nongwa

Nimevuta kiti mbele kabisa. Ila tusidanganyane mkuu, huyo Mwelu ni mmoja. Kila mradi una mmoja wake wa kuwekwa kwenye jalada la ripoti. Wale wengine waliobaki na kamera za plastiki wako wapi?

Fundi Kamera

Ndiyo maana nimesifu chama, yeye nimemtaja tu. Kijana mmoja akitoboa anaweza kuwa na bahati au kipaji. Watoto wa Mathare ambao hawakuwa wapigapicha walibaki na timu, ligi, na watu wazima wanaowauliza jana ulikuwa wapi. Kwa mtoto aliye njia panda hicho si kidogo. Mimi nina wanafunzi hawana mtu hata mmoja wa kuwauliza hivyo.

Mkaazi wa Laini Saba

Habari zenu ndugu wa Tanzania. Niko Kibera, nimeletewa huu uzi na rafiki. Niongeze la kwetu.

Hadi 2009 ukifungua ramani, Kibera ilikuwa doa tupu, kama msitu. Watu wanaishi, maduka yapo, shule zipo, kliniki zipo, ramani haioni. Mwaka huo ndipo Map Kibera ilianza. Vijana 13 wa vijiji mbalimbali hapa ndani walifunzwa kutembea na vifaa vya GPS na kuingiza vichochoro, vyoo, mabomba ya maji na shule kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe. Mwaka uliofuata ikazaliwa Kibera News Network, vijana na kamera ndogo za mkononi wakirekodi habari za mtaa na kuziweka YouTube.

Kitu kizuri kuhusu ramani ni kwamba haiwezi kufungiwa kwenye kabati. Iko wazi, imekaa mtandaoni, mtu yeyote anaitumia na anairekebisha. Mfadhili akienda, kichochoro chako bado kimo.

Lakini niseme na la uchungu. Swali la "nani atanilipa" halikukawia. Kutembea juani siku nzima ukihesabu vyoo ni kazi. Wageni wanaiita kujitolea, na ni rahisi kuiita hivyo ukiwa na mshahara. Kijana wa hapa akikosa kibarua cha siku, jioni hakuna chakula. Wengi waliondoka kwa sababu hiyo, si kwa uvivu.

Na tukiwa hapo kwa hesabu: kwa miaka mingi kila anayeomba pesa alisema Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu kama 170,000. Unaweza kubishana na sensa, wengi walibishana, lakini jiulize nani alifaidika na ule umilioni.

Kijiwe Nongwa

😂😂 Milioni moja inaleta kamera nyingi zaidi.

Fundi Kamera

Nimerudi. Asante sana ndugu wa Laini Saba, umenirahisishia.

Korogocho, mtaa mwingine wa mabanda Nairobi. Redio ya Koch FM ilianza 2006, vijana wa mtaa wenyewe, studio ndani ya kontena la chuma. Kibera nao wakawa na Pamoja FM mwaka 2007, na hiyo ndiyo iliyokuwa hewani kuomba watu watulie wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008. Redio hizi za mitaani Nairobi zinatumia masafa yaleyale, 99.9, kila moja na mtambo mdogo unaofika mtaani kwake na kuishia hapo.

Mtu wa biashara ataona huo ni ufukara. Hata mimi nilianza kuona hivyo, tangazo la kampuni kubwa utalipataje kama husikiki ng'ambo ya mto? Lakini angalieni upande wa pili. Leseni na masafa ni mali ya kisheria, haviingii kwenye begi la mkufunzi anayerudi kwao. Na kijana anayetangaza anasikilizwa na muuza mkaa wa mlango wa tatu. Akisema uongo atakutana naye bombani. Ufundi wa utangazaji unafundishika kwa muda mfupi, ila kuwajibika kwa msikilizaji unayemjua kwa jina sijaona semina inayofundisha.

Sisi Dar tuna bahati ya kujua hili kupitia ramani. Walewale wa Kibera walishiriki Tandale ilipochorwa 2011, na kuanzia 2015 Ramani Huria ikaingia kata za mafuriko na wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi. Mkazi wa Msimbazi ndiye anayejua maji yaliingia hadi dirisha gani. Mwanafunzi wa chuo ana kifaa, mkazi ana jibu. Kijana wa mtaani kwenye mpango wa namna hii anakuja akiwa na kitu mkononi, na ukimfundisha hivyo hata shingo inanyooka.

Mama Zuu

Wanangu nimewasoma. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, niongee kama mama na kama mtu wa ofisi.

Msilolitaja ni sura za watoto. Kila mradi wa video unaanza kwa zoezi lilelile: simulia maisha yako. Mtoto wa miaka 15 anakaa mbele ya kamera anasema niliiba, nilivuta gundi, nilifanyiwa hivi na baba wa kambo. Wageni wanalia, video inapandishwa. Miaka 6 baadaye huyo mtoto ni kijana anatafuta chumba cha kupanga, au anachumbia, na mtu anamtumia ile video kwenye simu. Hili nimelishughulikia mezani kwangu, kijana alikuja akilia niifute. Ningeifutaje? Mradi ulishafungwa, nywila ya chaneli haijulikani iko kwa nani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda utu na faragha ya mtoto, na sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini fomu ya ridhaa inasainiwa na mlezi aliyepewa nauli ya 5,000, hata hajui YouTube ni nini.

Kwenye kituo chenu mimi ningesema hivi: mtoto asiulizwe jeraha lake. Akirekodi, arekodi fundi viatu, mpishi wa chapati, mechi ya ndondo, bei ya nyanya. Akikua akitaka kujisimulia, atajisimulia mwenyewe, na pesa yake apate.

Fundi Kamera

Mama shikamoo. Hili naliandika kwa wino mwekundu.

Mama Zuu

Marahaba mwanangu. Na jingine, wasichana. Mnapanga darasa saa 10 jioni linaisha saa 1 usiku, halafu mnaandika kwenye ripoti "wasichana hawana mwamko". Msichana anayerudi Mbagala gizani na kompyuta begani mwamko ataupata wapi? Apps and Girls hapa Dar tangu 2013 wanafundisha wasichana kuandika programu kupitia klabu za shuleni. Mtoto yuko mahali ambapo mzazi ameshakubali awepo. Mpango wa saa na mahali ni nusu ya kazi.

Chumvi ya Bahari

Assalaam alaykum. Huku Unguja tuna Zanzibits, ni nduguye NairoBits ya Nairobi. Fundisho lao ni tovuti, michoro, video, na ndani yake wametia stadi za maisha na kijana kupelekwa mahali akafanye kazi kwa mazoezi. Sioni ajabu kwenye kompyuta, kompyuta kila mahali zipo. Naona faida ipo kwenye yale mazoezi ya kazi. Hapa kisiwani kuna mahoteli, waongoza watalii, wauza viungo, wote wanataka picha na tovuti. Kijana akitoka darasani mteja yupo ng'ambo ya barabara.

Kwa hivyo ndugu Fundi, Temeke mteja wenu nani? Kama hamjamjua, msianze na kamera.

Kijiwe Nongwa

Jamani dunia imehamia mtandaoni, mnahangaika na wauza viungo! Wapeni vijana kazi za kidijitali, wakae na kompyuta wamfanyie kazi mzungu, walipwe dola. Kenya wana mpango wa serikali wa Ajira Digital tangu 2016. Shida iko wapi?

Mkaazi wa Laini Saba

Ndugu yangu, shida iko hapa Nairobi, karibu nikuonyeshe.

Kulikuwa na shirika la Samasource, lilianzishwa 2008 na Leila Janah wa Marekani, marehemu sasa, alifariki 2020. Wazo lake lilikuwa hilohilo lako: badala ya msaada, mpe maskini kazi ya kompyuta. Vijana wa mitaa yetu walifunzwa na kuajiriwa kuchambua picha na maandishi kwa ajili ya kampuni kubwa. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kuwa na mshahara wa kila mwezi, na mimi sitadharau hilo, niliona nyumba zikibadilika.

Kisha kampuni, iliyokuwa sasa inaitwa Sama, ikachukua kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook. Februari 2022 jarida la TIME likaandika kwamba baadhi ya wachujaji walilipwa kiasi kidogo cha hata dola 1.50 tu kwa saa, huku wakitazama mauaji na unajisi mchana kutwa. Mfanyakazi mmoja wa zamani kutoka Afrika Kusini, Daniel Motaung, akazishtaki Sama na Meta, mmiliki wa Facebook, hapa Nairobi. Januari 2023 TIME ikarudi: waliosoma maandishi machafu ili kuisafisha mitambo ya OpenAI, wale wa ChatGPT, walikuwa wakipata kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Mwezi huohuo Sama ikatangaza kuacha kuchuja maudhui na watu wengi wakaambiwa kazi imeisha. Wakaenda kortini nao. Tarehe 1 Mei 2023 wachujaji walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao cha wafanyakazi. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Meta inaweza kushtakiwa hapa Kenya, ingawa ilikuwa inadai haina makao hapa.

Angalia basi. Kijana amefunzwa vizuri, ana kompyuta, ana dola. Lakini hajui anamfanyia nani kazi, mkataba umeandikwa mbali, na akiugua kichwa kwa alichokitazama hana wa kumwambia. Mafunzo ya kompyuta yasiyomfunza kusoma mkataba yanampeleka huko akiwa amefumba macho.

Kijiwe Nongwa

Hapo umenifunga mdomo kidogo. Kidogo tu. Dola 1.50 kwa saa kuna watu humu hawaipati.

Mkaazi wa Laini Saba

Ni kweli, na hilo ndilo waajiri hao wanalijua.

Fundi Kamera

Kijiwe ana hoja, tusiipuuze. Vijana wangu wakisikia dola 12 kwa siku wataniacha nikihubiri peke yangu. Sipingi kazi za mtandaoni. Napinga kumwandaa kijana kwa mnunuzi mmoja tu wa nguvu zake.

Nigusie na njia ambayo vijana wenyewe wanaitaka, kuwa na chaneli. Kila mmoja anataka kuwa na "TV ya mtandaoni". Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza, leseni na ada zake zilifika kama shilingi 2,100,000. Kijana wa kituo chetu angezitoa wapi? Baadaye ada zilipunguzwa na masharti yakalegezwa kwa wasiotoa habari, lakini ukitaka kufanya habari za mtaa wako bado leseni inakusubiri. Halafu YouTube wenyewe, ili ugawiwe pesa za matangazo kwa video za kawaida, wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 za watu kumtazama mpishi wa chapati, mama Zuu, ni safari.

Na kuna ukuta mwingine ambao wageni hawauoni kabisa. Laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole, na kwa mtu mzima Mtanzania hiyo maana yake ni kuwa na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Kijana aliyetoroka nyumbani Kondoa akiwa na miaka 9 hana cheti cha kuzaliwa, hajui mzazi yuko wapi, NIDA ataanzia wapi? Bila NIDA hana laini yake, bila laini hana M-Pesa, na mteja akimlipa pesa inaingia kwenye simu ya mtu mwingine. Nimeona pesa ya kijana ikiliwa hivyo na "kaka" aliyemhifadhi. Umemfundisha kuhariri video kwa ustadi, na malipo yake ya kwanza yameibwa.

Mkaazi wa Laini Saba

Hapa pia. Wanubi, ambao ndio walioanzisha Kibera, walihojiwa miaka nenda miaka rudi ili wapewe kitambulisho ambacho jirani yao alikipata bila maswali. Kijana bila kitambulisho hata ofisi ya huyo mwajiri wa dola haingii.

Mama Zuu

Fundi, hilo la vyeti nileteeni. Vijana waanze kwa serikali ya mtaa, mimi nitawaandikia barua ya utambulisho, tunaanza na RITA kutafuta cheti cha kuzaliwa, halafu NIDA. Inachukua muda, ndiyo maana ianze siku ya kwanza ya mafunzo. Wekeni kwenye bajeti ya mradi, nauli na ada. Mfadhili akishangaa, mwambieni ndiyo kifaa cha kwanza.

Chumvi ya Bahari

Bado hujanijibu mteja ni nani.

Fundi Kamera

Nilikuwa nalikimbia swali lako 😀. Mteja wetu yupo, nimemkalia mwenyewe. Harusi na send-off za uswahilini, saluni, mafundi samani wa Keko, timu za ndondo, makanisa na misikiti inayotaka kurusha ibada. Kazi za 30,000 hadi 100,000 ambazo mimi na wenzangu tunazikataa kwa sababu ni ndogo. Badala ya kuzikataa tuzipeleke kikundini, na mmoja wetu asimamie ubora hadi wazoee.

Vifaa viwe vya kikundi kilichosajiliwa halmashauri. Kituo kisivimiliki, mradi usivimiliki. Kikundi kikiwa na usajili kinaweza hata kuomba ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni ya vijana, mfadhili akishaondoka. Na mafunzo yasiwe wiki mbili. Nitaomba pesa ileile itandazwe mwaka mzima, mkufunzi mgeni apunguzwe, posho ya siku ya kazi iwepo kwa kijana anayetoka kurekodi. Maonyesho yakikosekana mimi sitalia.

Kijiwe Nongwa

Mfadhili hatakubali bila maonyesho, atapiga picha wapi?

Fundi Kamera

Tutamwalika kwenye harusi.

Mama Zuu

Na kamera ikikabwa njiani? Kikundi kitamdai kijana?

Fundi Kamera

Hapo sijapata jibu zuri. Ukimdai, atatoroka. Usipomdai, zitakabwa zote.

Mkaazi wa Laini Saba

Kikundi kimoja ninachokijua hapa huweka kando sehemu ya kila malipo kwa ajili ya vifaa, kabla watu hawajagawana. Kamera ikipotea, aliyeitoa na aliyekuwa nayo wanaandika taarifa polisi pamoja, halafu mfuko unanunua ya mkono wa pili. Ikipotea tena mikononi mwa mtu yuleyule, anarudi kushika taa na maiki kwa muda. Hafukuzwi. Wameandika kwenye katiba yao, nikiwaomba wataniruhusu nikutumie hicho kipengele.

Fundi Kamera

Nitumie PM tafadhali. Kikao na hao wa mradi ni Jumanne, nataka nikipitie na vijana wenyewe kabla ya hapo.